Myahudi wa Mwala

Jumatatu, 8 Novemba 2004

Leo nimeshinda. Yaani, karibu nishinde.

Zimebaki siku kumi na mbili. Jumamosi tarehe 20 ninarudia mtihani wa haidrolojia katika ukumbi mkubwa, ule wa mabati usio na dari. Mwezi wa Aprili nilitoka humo baada ya dakika arobaini na moja. Mvua ilikuwa inapiga mabati, taa ilikuwa inalia ziii juu ya kichwa changu, na msimamizi alikuwa amevaa viatu vya visigino. Ko, ko, ko. Nikaweka kalamu chini nikaenda zangu. Wakaandika kwamba nimesusia mtihani. Nikitoka tena, nimefukuzwa. Narudi kwetu Mwala kuchunga mbuzi, na masomo nimeyaaga.

Lakini sasa nina silaha! Mwezi wa Agosti daktari mmoja Nairobi alinihoji saa tatu nzima, kisha akanipa jina la kitu ambacho nimeishi nacho miaka ishirini na miwili. Otizimu. Nilifurahi kama mtu aliyepata kitambulisho. Nilipompigia mama simu aliuliza kama kitu hicho kinaonekana kwenye eksirei. Nikasema hakionekani. Akasema basi yeye alikiona kabla ya eksirei.

Mpango wa kwanza: kumweleza Mkuu wa Wanafunzi. Hapa chuoni kila mtu humwita Dini, kwa sababu ndivyo cheo chake cha Kizungu, "Dean", kinavyotoka midomoni mwetu. Anipe chumba kidogo chenye dari. Meza moja, kiti kimoja, kimya. Sitaki kingine.

Dini ni Dkt. Nderitu, mtu wa Nyeri. Hukohoa kabla ya kutaja jina langu, Ngui. Kwetu Ukambani ngui ni kiongozi wa nyimbo. Kwao Wakikuyu ni mbwa. Simlaumu.

Nilizungumza dakika thelathini na nane bila kupumzika. Nilieleza ubongo, masikio, mabati na historia ya mabati. Akasoma barua ya daktari. Akasema huo ni ugonjwa wa watoto wadogo na mimi nina ndevu. Nikamwambia ndevu hazihusiki. Akasema wenye ugonjwa huo hawaongei, na mimi sijafunga mdomo tangu niingie. Halafu akauliza mbona naangalia ukuta akinisemesha, hiyo ni adabu gani? Nikajibu kwamba nikiangalia macho ya mtu sisikii maneno yake. Akasema basi nisikilize vizuri: nioge maji baridi, nicheze mpira, nitafute marafiki, aibu itaisha.

Aibu! Barua ina kurasa nne, na yeye amesoma aibu.

Kabla ya kutoka nilimwonyesha kosa la tahajia kwenye kalenda yake, ili kumsaidia. Akanifungulia mlango mwenyewe. Nadhani tuliachana vizuri.

Jumanne, 9 Novemba

Hatukuachana vizuri. Karani wake ameambiwa nisipewe miadi hadi Januari.

Chakula cha mchana mesini. Meza yangu ni ile ya ukutani, ina viti vinane. Nakaa kimoja. Wambua, kiongozi wa darasa letu na jirani yangu hosteli, alikuja akabeba viti viwili bila kuniuliza, akavipeleka kwenye meza yake ambako watu walikuwa wamebanana mpaka wanakula kwa zamu. Hakuna hata mmoja aliyefikiria kwamba ni rahisi zaidi mtu kuja huku kuliko kiti kwenda kule. Nimelifikiria jambo hilo mchana kutwa.

Wambua huniita Profesa Ukuta. Pia huiga mwendo wangu, na watu hucheka. Anakosea. Mimi huhesabu hatua, yeye hahesabu.

Muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, nilikuwa nimeuweka upande mmoja na kabeji upande wa pili, na mpaka katikati. Mpishi akapita akaongeza kabeji juu ya kila kitu, kwa wema. Nikala mkate.

Saa kumi, ugunduzi! Ndani ya bahasha ya daktari kulikuwa na karatasi ya Kiswahili ambayo sikuwa nimeisoma, iliyoandikwa na mtu wa pwani. Inasema kitu hiki kinaitwa tawahudi. Tawahudi! Neno lina heshima. Halinuki hospitali. Sasa naelewa: Dini hakunikataa mimi, alikataa Kiingereza. Mpango wa pili: kesho namwendea kwa Kiswahili, bila miadi. Hotuba nimeishika kwa kichwa.

Jumatano, 10 Novemba

Siku kubwa. Niandike kwa utaratibu.

Ofisi zinapakwa rangi na watu wamehamishwa ovyo ovyo. Nikamuuliza Nzomo, askari wa geti, ofisi ya Dini iko wapi. Akanitazama. Akasema, "Ofisi ya dini? Si ni ile iko na msalaba?" Akanielekeza kwa kidole.

Nikashangaa Dini kupewa msalaba, lakini rangi ni rangi. Nikabisha, nikaingia, nikaanza hotuba mlangoni. Ndipo nikaona kwamba nyuma ya meza ameketi Mchungaji Reuben, mchungaji wa chuo. Ningeweza kurudi. Lakini hotuba yangu ikishaanza haikatiki, lazima ifike mwisho. Halafu alikuwa ananisikiliza. Nikaendelea.

Nikamwambia mimi ni mmoja wa watu wenye tawahudi.

Mchungaji akasimama. Akauliza, "Wayahudi?" Nikasema tawahudi. Akasema ndiyo, ndiyo, hao hao. Ana pengo la meno mbele, kwa hiyo nikadhani maneno humponyoka.

Akauliza tangu lini. Nikasema tangu kuzaliwa, ila nimethibitishiwa Agosti. Akauliza kama ni upande wa baba au wa mama. Nikasema daktari anashuku baba. Akauliza kama tuko wengi Ukambani. Nikasema tuko wengi sana, lakini wengi wetu hatujijui. Akakaa chini. Akasema, "Aiya! Nilijua. Mimi nilisema tangu zamani, Wakamba tumetoka mbali."

Akauliza kama watu wanatutesa. Nikasema kila siku, hasa mesini.

Akataka kujua ninakula vipi. Nikasema siwezi kula vyakula vilivyogusana. Akashika kichwa. Ninasalimiana kwa mikono? Sipendi. Nikisoma natikisika mbele na nyuma? Natikisika, hunisaidia. Akafungua droo akatoa picha. Mwaka 1998 alisafiri na wachungaji wenzake hadi Yerusalemu. Katika picha, wanaume wengi wamesimama wanaangalia ukuta. Ukuta mtupu! Mchungaji akasema huko wanasimama hivyo siku nzima, wanatikisika, na hakuna anayewauliza kitu. Nikamwambia hao ninawaelewa kabisa. Macho yakamjaa machozi. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kunielewa hivyo.

Mwisho nikafika kwenye mtihani. Nikasema Jumamosi ukumbini haiwezekani. Akapiga meza. Akasema bila shaka haiwezekani, Jumamosi! Wewe! Ataonana na Dini mwenyewe.

Yaani sikuhitaji hata kueleza mabati. Kiswahili ni lugha kubwa.

Alhamisi, 11 Novemba

Jambo la ajabu. Watu watatu wamenisalimu kabla ya chai, wote wakisema "Shalom." Nikajibu nzuri.

Mchana nilikuwa kwenye meza yangu. Kamanthe, msichana wa ualimu mwaka wa tatu, akaja na sahani yake akauliza kama kuna mtu hapa. Nikamwambia hajawahi kuwapo. Akakaa. Kisha wakaja wengine wanne. Viti sita! Sikujua watu wakikaa nawe wanafanyiwa nini, kwa hiyo nikawaeleza jinsi bwawa la mchanga la kijijini kwetu linavyohifadhi maji. Dakika kumi na tisa. Hawakuondoka.

Kamanthe akauliza kwa sauti ya chini kama watu wangu wameteseka sana. Nikasema shule ya msingi ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Akatikisa kichwa kwa huruma.

Wambua alikuwa anatuangalia kutoka meza yake. Alikuwa na viti vya ziada.

Ijumaa, 12 Novemba

Nimejua.

Mchungaji ameniletea nakala ya barua ya Dini, anang'aa uso mzima. Barua inasema hivi: kwa kuheshimu imani ya Kiyahudi ya mwanafunzi huyu, na kwa kuwa Jumamosi ni Sabato yake, atafanya mtihani Jumapili tarehe 21 saa nane katika chumba cha nyuma ya kanisa.

Nikaisoma mara nne. Kumbe halikuwa pengo la meno yake.

Nikafungua mdomo nirekebishe. Wakati huo huo Mchungaji akafungua mlango wa chumba chenyewe anionyeshe. Dari ya mbao. Zulia. Dirisha moja linaloangalia vilima vya Iveti. Akafunga mlango, na dunia ikanyamaza. Niliweza kusikia saa yangu ya mkononi, halafu nikaweza kutoisikia. Mabega yangu yalishuka. Sikujua kwamba yalikuwa juu.

Nikafunga mdomo.

Mpango wa tatu: kunyamaza. Sijadanganya mtu. Neno nililolitamka ni sahihi, waulize watu wa pwani. Mimi niliomba chumba kwa sababu ya masikio yangu, nikapewa kwa sababu ya masikio yao. Sioni kosa langu liko wapi. Nimeliangalia jambo hili pande zote na bado naliangalia.

Jumapili, 14 Novemba

Kanisani Mchungaji alinisimamisha mbele ya watu mia tatu akasema mgeni wa agano la kale yuko kati yetu. Mia tatu! Niliangalia ukuta. Wakapiga makofi kwa kuwa niliangalia ukuta.

Nikaalikwa kwake kula. Mke wake, mama Mueni, aliweka mbele yangu sahani tatu. Wali peke yake. Kuku peke yake. Mboga peke yake. Hakuuliza, hakucheka, aliweka tu na kuendelea na habari nyingine. Nilitaka kulia juu ya wali. Miaka ishirini na miwili nimeomba hivyo, nikaitwa mdekaji.

Jioni Kamanthe alinikuta kwenye ngazi za maktaba. Akauliza kanisani nilijisikiaje. Nikamweleza ukweli wote: kwamba sauti za watu wengi hunifikia zote kwa mara moja na sijui ya kushika ni ipi, kwamba watu wakicheka najua wamecheka ila sijui kwa nini, na kwamba nikifika chumbani huwa nimechoka kama niliyelima. Sijawahi kumwambia mtu mwingine mambo hayo. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kumbe ni ngumu hivyo kuwa Myahudi."

Nikamshukuru. Nikaingia chumbani nikakaa kitandani na viatu miguuni. Upweke wa zamani niliuzoea, una meza yake na ukuta wake. Huu ni mpya. Watu wamejaa, wamekuja na sahani, na aliyealikwa si mimi.

Jumanne, 16 Novemba

Haya! Wambua naye ni Myahudi.

Ametangaza jana. Anasema nyanya yake wa Kangundo hakuwahi kula nguruwe maisha yake yote. Ukweli ni kwamba Jumamosi anarudia hisabati, na siku hiyo hiyo kuna harusi ya binamu yake. Kufikia jioni wengine kumi walikuwa wamegundua nyanya zao.

Leo asubuhi kuna orodha kwenye ubao wa matangazo. WANAFUNZI WAYAHUDI, MTIHANI WA JUMAPILI. Majina kumi na mawili, la kwanza ni langu. Halikufuata hata alfabeti. Na chini, mstari mmoja: kwa kuwa idadi imeongezeka, mtihani utafanyiwa katika ukumbi mkubwa.

Ukumbi mkubwa! Chumba changu chenye zulia kimekwenda kwa sababu ya nyanya wa Wambua!

Nikapanga upesi. Mpango wa nne: kuondoa waongo, nibaki mmoja, nirudishiwe chumba. Nikachukua kalamu nyekundu. Nikaanzia chini. Namba kumi na mbili, nikachora mstari, nikaandika: si Myahudi. Kumi na moja, si Myahudi. Nilifanya kazi safi, kwa rula. Wambua nilimpa mistari miwili.

Likabaki jina moja juu, bila mstari. Nikaenda zangu. Nikafika getini nikarudi. Nikaenda tena, nikarudi. Orodha ni sahihi au si sahihi, haiwezi kuwa sahihi kuanzia namba mbili. Mara ya tatu mkono ulipanda wenyewe. Nikaandika: Ngui, si Myahudi, ni mwenye tawahudi, tazama karatasi ya daktari. Nikatia sahihi.

Ubao sasa hauna kosa hata moja. Nimelala mchana kwa amani kubwa. Naamini watalielewa jambo hili kama masahihisho.

Alhamisi, 18 Novemba

Hawakulielewa kama masahihisho.

Nimeitwa mbele ya Dini. Mchungaji Reuben alikuwa kwenye kiti cha pembeni, ameshika kofia yake. Dini akakohoa, akasema nimetumia jina la Mungu kutafuta chumba. Nikasema jina la Mungu sijalitumia, nilitumia jina la kitaalamu. Akasema nilimdanganya mtu wa Mungu. Nikaomba aniambie sentensi gani ilikuwa ya uongo.

Hapo Mchungaji akazungumza. Akauliza kuhusu wale walio wengi wasiojijua. Nikasema ni kweli. Kuhusu kuteswa? Kweli. Na ule ukuta kwenye picha, je, ulinifurahisha kweli au nilikuwa namcheka? Nikasema ulinifurahisha kuliko kitu chochote alichowahi kunionyesha mtu. Akaomba karatasi ya Kiswahili. Akaisoma polepole, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia yake. Hakuniangalia. Sikujua uso wake unasema nini, na safari hii nilitamani sana kujua.

Uamuzi: wote kumi na wawili, Jumamosi, ukumbi mkubwa, kama ilivyokuwa. Nikitoka kabla ya muda, kikao cha nidhamu cha Jumatatu kitanifukuza.

Mesini, viti saba vitupu. Kamanthe alipita na sahani yake. Akasema nimemfanya mjinga. Nikamwambia kila kitu nilichomweleza kwenye ngazi kilikuwa kweli. Akasema, "Si ungesema tu ni wewe." Akaenda kukaa kwingine.

Nilikuwa nimesema. Nilimwambia Dini kwa dakika thelathini na nane kwamba ni mimi. Mimi nikiwa mimi hawakai.

Jumamosi, 20 Novemba

Nilijiandaa vizuri. Pamba masikioni. Kofia ya sufu juu ya pamba. Kiti cha mwisho karibu na dirisha. Wingu jeusi lilikuwa limekaa juu ya Iveti tangu asubuhi, nikaliomba libaki huko.

Msimamizi akaamuru nitoe kofia. Akaona pamba. Akaitoa kwa vidole vyake mwenyewe, akaifungua kuangalia kama nimeandika majibu ndani.

Dakika ya ishirini mvua ikaanza. Watu wote waliinua vichwa juu, wengine wakaziba masikio, na kwa dakika moja tulikuwa sawa, watu themanini na mimi. Halafu wakazoea. Niliwaona wakizoea, mmoja mmoja, wanarudi kwenye karatasi. Mimi huwa sizoei. Kila tone linakuja kama la kwanza.

Niliandika swali la kwanza, la pili na la tatu. Nilishika meza kwa mkono wa kushoto. Nilifika dakika ya sabini na mbili. Aprili nilifika arobaini na moja, naomba hilo likumbukwe na mtu. Kisha herufi zikaanza kuruka, nikainua mkono, nikaomba niandikie nje. Msimamizi akasema keti. Nikaomba tena. Akasema keti. Mwili ukasimama, ukatoka.

Nje mvua ilikuwa inaangukia udongo, haina kelele nyingi. Baada ya dakika mbili akili ilirudi. Swali la nne lilihusu maji yanayotiririka juu ya ardhi baada ya mvua kubwa, na yalikuwa yanapita hapo hapo kwenye viatu vyangu! Nikaenda dirishani nikaanza kumtajia msimamizi jibu, sehemu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akafunga dirisha. Nikahamia dirisha la pili. Akalifunga nalo. Nilimaliza swali la tano kwenye dirisha la mwisho, nimelowa mpaka mifupa, na hakuna aliyeandika.

Nikiondoka nilimwona Dini amesimama chini ya paa la maktaba na mwamvuli aliosahau kuufungua. Sijui alikuwa hapo tangu lini.

Sikwenda mesini. Nilikaa kitandani nikalia, halafu nikapanga nguo kwenye sanduku, mashati upande mmoja, suruali upande mwingine.

Jumapili, 21 Novemba

Siamini ninachoandika.

Saa tisa mchana Mchungaji Reuben alibisha chumbani kwangu. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, kofia mkononi. Akasema ameisoma ile karatasi mara tatu. Akasema kwao Ekalakala ana mpwa wake, Mwelu, mwanamke wa miaka thelathini, ambaye hukaa ameuelekea ukuta na hajawahi kumpa mtu mkono. Familia ilisema ni kiburi. Yeye mwenyewe, Mchungaji, aliwahi kumshika kwa nguvu amwombee, na Mwelu alipiga kelele mpaka majirani wakaja. Akasema jana aliniona nikizunguka madirisha kwenye mvua, akamfikiria Mwelu. Akalia. Safari hii nilijua ni huzuni, kwa kuwa aliniambia.

Halafu habari kubwa. Amezungumza na Dini. Dini hakula chakula cha jioni. Kesho saa tatu, kabla kikao hakijaanza, Mchungaji ataeleza jambo langu kwa barua na kwa mdomo, na Dini amekwisha kukubali nusu. Nitapewa mtihani mpya, Desemba, katika chumba cha nyuma ya kanisa. Kwa sababu ya masikio yangu mwenyewe!

Ananiomba jambo moja tu. Mpaka kesho mchana ninyamaze. Nisimwendee Dini. Nisimwandikie barua. Nisiguse ubao. Akasema, "Mwanangu, niachie mimi. Hata ukiona nimekosea, niachie." Nikaahidi. Akainuka, akanyoosha mkono, akakumbuka, akaurudisha akanipungia tu kutoka mlangoni. Hakuna mtu aliyewahi kunifanyia hivyo. Nilikaa robo saa nzima nikiwa na furaha.

Aliniachia nakala ya barua yake. Nimeisoma. Ni nzuri sana, ina moyo. Lakini mstari wa nne ameandika "ugonjwa wa tawahudi". Ugonjwa! Mstari wa tisa anasema ninaumwa. Ukurasa wa pili anasema nilikaa ukumbini karibu saa moja, ilhali ni dakika sabini na mbili.

Ahadi ni ahadi. Sitakwenda kwa Dini wala sitamwandikia barua. Ninachoandika ni orodha ya masahihisho, na orodha si barua. Nimefika ukurasa wa tisa, sehemu ya ndevu. Kesho saa moja asubuhi naisukuma chini ya mlango wa Dini, wakati hakuna mtu, na nakala kumi na moja za wajumbe wa kikao.

Mchungaji si lazima ajue mapema. Ni mtu mmoja tu niliye naye hapa duniani zaidi ya mama, siwezi kumwacha asimame mbele ya watu na kosa.